Aliyeichunga Nafasi ya Emerance

Goti la kulia la Kyakimwa lilianza fitina zake mapema mwaka huu, kabla kiangazi hakijashika vizuri. Kwenye sherehe ya ngoma mjini Pangi lilivimba. Kwenye ile ya Kalima liligoma kabisa kukunjwa, akarudi Kindu amekaa upande juu ya pikipiki, mguu umenyooka mbele kama mtu anayemwonyesha dereva njia. Sasa ilikuwa Jumamosi ya tatu ya Julai, siku ya sherehe ya mila ya Kindu yenyewe, na yeye yuko uani kwake mtaa wa Mikelenge anajifunga njuga miguuni. Ana miaka sitini na moja, na amechoka. Tusimpambe: amechoka. Ngoma yenyewe hakuitaka. Alitaka benchi, karanga mkononi, na watu wa kuwacheka wakikosea hatua.

Mumewe Muhindo alikuwa amepasha moto mafuta ya mawese, anampaka lile goti taratibu.

"Mama Fifi," akamwambia, "weye muntu wa Butembo, unacheza ngoma ya wenyeji kupita wenyewe. Leo bakia nyumbani."

"Nikibakia, unajua itakuwa nini."

Muhindo alijua. Akaendelea kupaka.

Kikundi cha Mama Rehema kina wanawake kumi na wawili, jozi sita zinazotazamana, na kina sheria yake ambayo vikundi vingine vinaicheka. Husemwa asiyekuwapo na lake halipo. Kwa Mama Rehema, lake lipo. Mwanamke akisafiri humwomba mwenzake kwa kinywa chake mwenyewe amchungie nafasi, na aliyeombwa husimama pale hadi msafiri arudi, wala hawezi kumpa mwingine kazi hiyo. Mwanamke akifa, analiliwa, na nafasi hupewa msichana mpya. Na asiyejulikana kama amekufa au yu hai? Hapo neno liko kwa aliyeombwa. Siku atakapokaa chini katikati ya ngoma, au siku atakapokosa kuja, mwenye nafasi amehesabiwa marehemu na kilio kinaanzishwa palepale. Hakuna anayemlazimisha, na hakuna anayeweza kumsaidia.

Kyakimwa anachunga nafasi ya Emerance tangu mwaka 2002.

Wakati ule yeye na Muhindo walikuwa na duka dogo la chumvi na sabuni, wageni wa miaka mitatu tu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe la kwanza Kyakimwa alipewa na Emerance, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye mwanya na bega la kushoto lililopanda juu kidogo anapotembea. Kisha vita vikaubana mji. Treni haikuja tena. Mashamba yalikuwa pale pale yanaonekana kwa macho, lakini aliyekwenda kung'oa muhogo hakuwa na uhakika wa kurudi. Watu walikula majani ambayo mbuzi walikuwa wameyakataa. Na njaa ikishaingia, lazima apatikane wa kulaumiwa: ikasemwa kwamba watu wa Kivu wenye maduka, kama Muhindo na Kyakimwa wa Butembo, ndio waliowaleta wenye bunduki.

Asubuhi moja wenye bunduki wa upande mwingine wakaja wakiuliza nyumba za watu wa Kivu. Muhindo alikuwa amekwama Kalima. Uani kwa Emerance wanawake wa kikundi walikuwa wakicheza matanga ya mzee mmoja wa mtaa, maana hata kwenye njaa mtu hazikwi kama kuku. Emerance alimwona Kyakimwa amesimama mlangoni pake, ameganda. Akatoka kwenye mstari. Akavua vazi la majani ya mwale kiunoni pake akamfunga yeye, akampaka udongo mweupe usoni mpaka masikioni.

"Angalia miguu ya Mama Rehema tu," akamnong'oneza. "Usifungue kinywa."

"Na weye?"

"Jozi zimejaa, muntu wa kumi na tatu ataonekana. Mi naenda ku shamba kutafuta sombe. Unichungie fasi, ninarudi."

Akachukua kikapu cha kuchumia majani ya muhogo, akapita nyuma ya nyumba.

Wale watu wakaingia, wakasimama kutazama. Kyakimwa alikosea hatua ya kwanza, akakosea ya pili, na ya tatu akaenda kushoto wenzake wote wakiwa kulia. Mama Rehema, aliyekuwa mkabala naye, akamfokea bila kusimamisha ngoma: "Weye mujinga! Miaka yote hii, na mguu wa kuume hauujui bado? Bwana yako alilipa mahari ya nini?" Wenye bunduki wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akajifuta machozi. Wakatoka, wakaenda kuvunja duka la Kyakimwa.

Adhuhuri milio ilisikika upande wa mashamba. Jioni kikapu hakikurudi, na mwenye kikapu hakurudi.

Hakukuwa na mwili. Hakukuwa na kaburi. Kulikuwa na maneno tu: fulani amemwona Pangi, fulani amesikia yuko Kalima anapika kwenye machimbo. Kwa hiyo Kyakimwa akaanza kwenda. Kila kiangazi, sherehe yoyote ambayo kikundi kiliitwa, yeye yumo, amepakwa udongo, anacheza. Na ngoma ikiisha anapita kati ya watu na kuuliza. Mwanamke mwenye mwanya. Bega la kushoto. Alicheza akiwa na malaria, macho yanaona wacheza ngoma ishirini na wanne. Alicheza wiki tatu baada ya kumzaa Fifi, maziwa yanamchuruzika chini ya majani ya mwale. Mwanzoni watu walimsikiliza na kutingisha vichwa. Baadaye wakawa wanamuuliza, "Alipotea lini?" na akiwajibu, wanamtazama kwa huruma. Huruma ile aliichukia. Miaka ya karibuni anaowauliza ni vijana, na vijana wanamjibu, "Hapana, mama," kabla hajamaliza.

Tena kuna jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu, hata Muhindo. Kuna miaka alimkasirikia Emerance. Si kwa kufa, kwa kutorudi. Mwanamke gani anakwenda kuchuma sombe miaka ishirini na zaidi?

Leo uwanja ulikuwa umejaa. Wakubwa walikuwa chini ya turubai wakisomeana hotuba, kikundi cha Kibombo kilikuwa kimemaliza, na vumbi lilikuwa bado hewani. Mama Rehema, ambaye sasa anatembea na fimbo lakini akisikia ngoma anaisahau mahali, alikuja kumkagua Kyakimwa mafundo ya mwale. Akaliona goti.

"Dada, hii mwaka ikala," akasema polepole, akimwonyesha benchi. "Hakuna muntu atakuchukia."

"Na akirudi?"

"Akirudi ataomba kiti. Iko na miaka karibu makumi saba, kama mimi. Atacheza na nini?"

Kyakimwa akacheka, kisha akaacha. "Mama Rehema, mi nilisimama ku fasi yake, njo maana niko muzima. Nikiikala, njo namuua kwa mukono yangu."

Mama Rehema alimwongeza udongo kidogo kwenye paji la uso, akaenda kwenye nafasi yake mkabala naye, kama siku ile.

Ngoma ikaanza. Mzunguko wa kwanza goti lilinyamaza, naye akajidanganya kwamba mafuta ya Muhindo yamefanya kazi. Mzunguko wa pili likaanza kuchoma. Wa tatu, pale jozi zinapoinama na kuinuka, aliinama vizuri. Kuinuka hakukuwapo. Alibaki katikati, si juu si chini, jasho likimwingia machoni pamoja na udongo. Mbele yake aliiona miguu ya Mama Rehema, miguu ileile aliyoambiwa aiangalie, imezeeka, vidole vimepinda.

Na Kyakimwa akawa chini, makalio kwenye vumbi, miguu imenyooka.

Mpiga ngoma akanyamaza. Jozi zikasimama. Uwanja mzima, wakubwa na karanga zao, ukanyamaza bila kujua kwa nini, kwa sababu wanawake wale kumi na mmoja walikuwa wamenyamaza kwa namna ya kutisha. Mama Rehema akapiga hatua mbili, akasimama juu yake. Akauliza kwa sauti, kama sheria inavyotaka:

"Kyakimwa. Umeanguka, ao umeikala?"

Jibu jepesi lilikuwa palepale ulimini. Nimeanguka. Wangemshika makwapani wamwinue, na Emerance angeendelea kuwa safarini mwaka mwingine. Lilikuwa jibu la kweli pia, au nusu ya kweli, kwani yeye mwenyewe hakujua ni goti lililoamua au ni yeye. Alimtafuta Muhindo kwa macho kwenye umati. Akamwona, kikopo cha mawese kingali mkononi.

"Nimeikala," akasema.

Mama Rehema akafumba macho. Kisha akaweka mikono kichwani na kutoa ukelele mmoja mrefu, na wale kumi wakaupokea, wakimwita Emerance kwa jina, Emerance wa mwanya, Emerance wa kikapu, pale pale katikati ya sherehe, mbele ya hotuba ambazo hazijasomwa. Wanawake wazee kwenye umati wakaelewa, wakaingia uwanjani na kulia nao. Mama Rehema alipiga magoti kwa shida, akaanza kumfungua Kyakimwa njuga, mguu mmoja, kisha wa pili.

"Lia, dada," akamwambia. "Juu ya nini haulii?"

Alikuwa hajalia bado. Njuga zilipotoka, damu ikarudi kwenye nyayo, goti likalegea juu ya vumbi lenye joto, na raha ikampanda mwilini, raha tupu, ambayo hakuwa ameionja tangu mwaka ule. Emerance alikuwa amekufa dakika hiyohiyo, na kitu cha kwanza alichokisikia Kyakimwa kilikuwa ni jinsi ilivyo vizuri kukaa.

Hapo ndipo alipolia.