Mfua mashuka aliyetaka kuambiwa kosa lake

Saa tatu asubuhi mashine ya kufulia inanguruma, na mbele yake amesimama Mama Povu, mikono kiunoni, anaikodolea macho kana kwamba imemkosea. Ndani yake yanazunguka mashuka ya nyumba ya wageni, mzigo mdogo usiojaza hata nusu. Mashine nyingine tatu zimenyamaza pembeni, zimefunikwa maturubai.

"Hizo zilikuwa za hospitali," anasema. "Usione nimezifunika vizuri ukadhani zimepumzika. Zina njaa kama mimi."

Jina la Mama Povu alibandikwa na wafanyakazi wake zamani, likamganda hadi mumewe akaacha kumwita jingine. Kwa miaka saba alikuwa na mkataba wa kufua mashuka na magauni ya wagonjwa ya hospitali moja binafsi, mitaa miwili kutoka hapa. Aliajiri watu tisa. Leo amebaki yeye na mdogo wake wa kike, anayepiga pasi kwenye meza ya dirishani.

Mkataba ulikatwa kwa barua fupi iliyosema amekiuka masharti. Masharti yapi, haikusema. Alipokwenda kuuliza, mhasibu alimtuma kwa meneja, meneja akamtuma kwa mwanasheria, na mwanasheria akamwambia arudi kwa mhasibu. Ndipo akaenda mahakamani.

"Pesa nazitaka, nisikudanganye," anasema. "Lakini kila kliniki ninayokwenda kuomba kazi wananiuliza kwa nini hospitali ilinifukuza. Nikisema sijui, wananiangalia kwa jicho la pembeni. Nani atampa mashuka ya wagonjwa mtu asiyejua kosa lake?"

Alitumaini kuwa kesi itamfumbua macho. Hospitali ilipoleta majibu ya utetezi, alipanda ngazi hadi kwa wakili wake, kijana aliyepanga chumba juu ya duka la vifaa vya umeme. Kijana akamsomea: mdai alikiuka mkataba "kwa namna mbalimbali na katika nyakati tofauti". Akamwomba arudie. Akarudia.

"Nikamwambia, baba, fungua ukurasa wa pili. Akaniambia, mama, hakuna ukurasa wa pili."

Wakili alimweleza kwamba dawa ya maneno kama hayo ipo. Kabla kesi haijaanza kusikilizwa, upande mmoja unaweza kuutaka wa pili ufafanue madai yake. Basi akaandika ombi la maelezo zaidi: namna zipi, nyakati zipi, mashuka ya wodi gani, na nani aliyaona. Mama Povu alitoka pale akiwa mwepesi, akiamini sasa watabanwa.

Jibu lilipokuja lilikuwa na sentensi moja. Lilisema kwamba mdai anayafahamu vyema mambo hayo.

Mumewe, dereva mstaafu asiyependa makuu, hajaisahau jioni ile. Anasimulia kwamba aliuliza kwa upole kuna chakula gani, akajibiwa kuwa kuna vyakula vya namna mbalimbali, vilivyopikwa katika nyakati tofauti, na kwamba yeye mwenyewe anavifahamu vyema. Alikula mkate mkavu, akaenda kulala.

Ombi la pili nalo likagonga mwamba. Safari hii hospitali ilisema kila kitu kitaonekana wakati wa ushahidi. Yakafuata maahirisho. Mara wakili wa hospitali amesafiri, mara jalada halionekani, mara hakimu yuko semina. Mama Povu alikaa kwenye benchi la korido ile mpaka mfagiaji akawa anamsalimia kama jirani.

"Nilichoka na maneno yasiyo na kichwa wala miguu," anasema, akizima mashine. "Mwizi wa kuku anaambiwa kuku gani. Mimi nimekosa nini hata nisiambiwe?"

Hatimaye hakimu naye alichoka. Aliiamuru hospitali itoe maelezo kamili, la sivyo madai yake dhidi ya mfuaji huyo yafutwe kwenye utetezi. Wiki iliyofuata maelezo yakafika, na wakili akampigia simu kwa furaha.

Yalieleza kwamba tangu mwezi wa nne, mashuka ya chumba cha upasuaji na ya wodi ya wazazi yalirudishwa yakiwa na madoa ya kahawia, na kwamba madoa hayo yalizidi kila mashuka yalipofuliwa tena.

Mama Povu alisikiliza hadi mwisho, kisha akakata simu bila kuaga.

"Madoa nilikuwa nayajua," anasema. Anaketi juu ya furushi la taulo, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inashuka. "Niliyaona kwa macho yangu. Nilidhani ni damu iliyokaa muda mrefu. Nikaongeza klorini, yakazidi. Nikaongeza tena. Mwishoni nikawa naona hasira hata kuyatazama, nayakunja upande wa ndani."

Mdogo wake aliwahi kushauri waiulize hospitali. Lakini hapa kazini kuna mwiko mmoja ambao Mama Povu aliuweka mwenyewe tangu siku ya kwanza: doa la mgonjwa haliulizwi limetoka wapi. Shuka linajua mengi ya aliyelilalia, na mfuaji akianza kudadisi, kesho atakuwa anayasimulia sokoni. Kila mfanyakazi aliyeingia hapa aliapishwa hivyo.

"Dada alinifokea," anasema mdogo mtu bila kuinua macho kwenye pasi. "Aliniambia sisi ni wafuaji, si wapelelezi. Nikafunga mdomo."

Baada ya kupata maelezo ya hospitali, Mama Povu alitoa stoo shuka moja lililokuwa limesalia, akampelekea mzee anayemuuzia sabuni na klorini. Mzee alilinusa, akaligeuza, akauliza kama hospitali ilibadilisha dawa ya kusafishia ngozi ya wagonjwa kabla ya upasuaji. Mama Povu akampigia muuguzi mmoja wanayefahamiana. Kweli, ilibadilishwa mwezi wa nne. Dawa hiyo mpya ikikutana na klorini huacha kahawia isiyotoka, na klorini ikizidishwa doa linazidi kukolea. Pale hospitali hakuna aliyekumbuka kumwambia mfuaji.

Wakili alifurahi mno. Mkataba unaitaka hospitali itoe taarifa ya kila dawa mpya inayogusa mashuka, na sasa anaandaa ombi jingine la maelezo: dawa ilibadilishwa kwa uamuzi wa nani, na nani alipewa kazi ya kumjulisha mfuaji? Ila anamsihi mteja wake asitaje klorini aliyokuwa akiongeza wala mashuka aliyoyakunja upande wa ndani. Waache wathibitishe wenyewe, anasema.

Hapo ndipo walipokosana. Mama Povu alimwambia kwamba hakukaa kwenye benchi lile muda wote huo akiwalaumu watu kwa kufumbafumba maneno, ili zamu yake ikifika naye afumbe. Kijana akamkumbusha kwamba anaweza kushindwa. Akamjibu kwamba hilo analijua, na asimlipishe kwa kumweleza.

Kesi itasikilizwa mwezi ujao. Kabla ya hapo, Jumatatu, ana miadi kwenye kliniki ya macho inayotafuta mfuaji, na swali lake la kwanza litakuwa dawa gani zinafika kwenye mashuka yao. Mwiko wa doa ameuvunja. Wafanyakazi atakaowarudisha wataapishwa kutosimulia, lakini kuuliza wataruhusiwa. Anainuka, anavuta turubai la mashine iliyo karibu naye na kuitia umeme ajionee kama bado inafanya kazi.

"Hakimu nitamwambia hivi," anasema. "Madoa yalikuwepo. Dawa ilikuwa yao, klorini ilikuwa yangu, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Akiona nimeshindwa, nimeshindwa. Lakini hiyo Jumatatu watakaponiuliza kwa nini nilifukuzwa, nitawajibu."