Bega la Fundi wa Dari

Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa nne kasoro robo asubuhi. Fundi rangi wa chuo amesimama kwenye kipandio cha nane cha ngazi, katikati ya ukumbi wa kulia chakula, na mkono wake wa kulia hautaki kupanda wala kushuka. Rola inamdondoshea rangi nyeupe shingoni. Bega linawaka kama limepigiliwa msumari wa moto.

"Nikajiambia, Brashi, maliza mstari huu," anasimulia. "Nikaumaliza. Kumbe nao ulikuwa unanimaliza mimi."

Brashi ndilo jina analoitwa na wenzake. Lile la kwenye kitambulisho wamelisahau. Ana miaka hamsini na tisa, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza akitazama juu. Dari ya ukumbi ule alikwisha kuipaka mara tano, na bega halikusema neno.

Enzi hizo palikuwa na jukwaa la mbao, pana, lenye magurudumu. Fundi alisimama akiwa karibu na dari, kiwiko amekikunja, akapaka huku anapiga mluzi.

Wakaja wakubwa wapya. Walitaka mahali pa mgeni rasmi kusimama. Asubuhi moja Brashi akakuta mbao zake zimeng'olewa, zimepigiliwa upya uwanjani na kufunikwa zulia jekundu. Jukwaa la rangi likawa jukwaa la hotuba. Yeye akaachiwa ngazi, na siku nane za kumaliza ukumbi mzima. Ndivyo walivyo wakubwa: hawapandi ngazi, hupandishwa vyeo.

Na kuna mtu mwingine ambaye hakuwepo Jumanne ile. Mke wake, aliyekuwa mchanganya rangi wa chuo hichohicho, alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Kwa miaka ishirini na sita alisimama chini na ndoo yake, kitambaa kichwani, jicho kali kuliko la msimamizi.

"Baba watoto, umeruka hapo! Kushoto. Kushoto yako, si yangu!" Brashi anaiga sauti yake, kisha anacheka peke yake, kisha hacheki tena.

Baada ya kuumia, alifanya walivyomshauri wenzake: akaufunga mkono shingoni kwa kitambaa na kuutuliza. Wiki saba. Maumivu yalipungua, lakini bega likakakamaa kama brashi iliyosahaulika bila kuoshwa. Akashindwa kuchana nywele. Shati akawa anavishwa na binti yake.

Hapo ndipo ofisi ilipoleta barua. Walimpa miezi mitatu: asipoweza kuinua mkono, mkataba umekwisha, na nyumba ya chuo airudishe. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili. Lakini ndani yake kuna ukuta wa jikoni ambao mkewe aliujaribishia kila rangi aliyowahi kuchanganya, michirizi arobaini na kitu, kuanzia mwaka walipooana.

"Kazi ningepata nyingine," anasema Brashi. "Ukuta ule ningeubebaje?"

Binti yake akamvuta hadi kliniki ya fiziotherapia, ile tiba ya viungo kwa mazoezi. Mtaalamu ni mwanamke wa makamo, mikono yake mifupi yenye nguvu. Alimpima, akambonyeza, akamwambia ainue mpaka anapoweza. Kisha akamweleza kwa lugha ya mtu aliyezoea kueleza.

"Mzee, juu ya kano za bega kuna kifuko kidogo chenye ute. Kazi yake ni kama mto, mfupa usisuguane na kano. Ukiinua mkono juu siku nzima, kinabanwa, kinavimba. Kikishavimba, kinabanwa zaidi."

"Sasa si ndiyo maana nikautuliza?"

"Kuutuliza siku chache ni sawa. Wiki saba, umeufunga jela."

Kazi ikaanza. Barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika kumi. Kuinama, mkono mmoja mezani, ule mbovu unaning'inia na kubembea taratibu. Kulala ubavu wa kushoto. Kisha kusimama mbele ya ukuta na kutembeza vidole kuelekea juu, kama buibui.

Huo ukuta ndio uliowafanya waelewane. "Nani kapaka hapa?" Brashi aliuliza siku ya kwanza, vidole vikiwa usawa wa kidevu. "Rangi imechuruzika yote!"

"Panda, mzee, acha umbea."

Wiki ya nne akaharibu. Fundi rangi anaamini kitu kimoja: ukuta ukikataa, ongeza mkono wa pili wa rangi, ongeza wa tatu. Alipoona nafuu, akayafanya mazoezi ya siku nzima mara tatu kabla ya saa sita mchana. Kesho yake bega likavimba upya.

Mtaalamu hakumfokea. "Mkono wa pili wa rangi unaupaka lini?"

"Wa kwanza ukikauka."

"Ukiwahi?"

"Inabanduka yote." Brashi akainamisha kichwa kama mwanafunzi.

Siku hiyohiyo mtaalamu akamuuliza jambo lililokuwa likimsumbua: imekuwaje bega likadumu miaka yote ile? Alikuwa akipumzika?

"Kupumzika wapi! Ila marehemu alikuwa msumbufu. Kila baada ya muda kidogo: shuka, rangi inaganda, njoo ukoroge. Nashuka, nakoroga, naikuta laini kama uji. Tuligombana mno kwa hilo."

"Haikuwa imeganda hata mara moja?"

Brashi akaomba maji. Binti yake anasema baba alitembea njia nzima hadi nyumbani, akaenda kusimama jikoni, mbele ya ukuta ule.

Wiki ya kumi na moja mkono uliinuka wima hadi ukagusa sikio. Barua ya kliniki ikasema anaweza kurudi kazini, ila kazi ya juu iwe ya vipindi vifupi, na kwenye jukwaa. Msimamizi aliisoma akiwa amesimama.

"Nyumba utabaki nayo," akasema. "Jukwaa halipo. Wewe paka kuta. Dari tumempa mtunza bustani."

Brashi anasema alishusha pumzi. Anatarajia kustaafu mwakani akitokea vyumba vile viwili, na jikoni hatapaka rangi. Lakini alipofika mlangoni aligeuka.

"Bosi, huyo wa bustani akiwa kule juu, nani atamwita ashuke?"

Msimamizi aliikunja barua, akasema atawauliza wakubwa. Ni wiki ya tatu sasa.