Mshale wa Chaki

Kazini walimwita Mtetea, kwa kuwa kutwa alishinda juu ya mayai. Alianza kama mfagiaji wa jumba la makumbusho. Mkuu wa karakana alipoona anavyopangusa vumbi bila kumshtua hata nzi, akampa sindano, brashi na kiti chake mwenyewe. Huu ulikuwa mwaka wa saba anakwangua mawe.

Jiwe la safari hii lilibeba mayai kumi na mawili ya dinosau wadogo wala nyama, wenye manyoya kama kuku na meno kama msumeno. Mayai marefu, membamba, yaliyogeuka jiwe yakiwa yamesimama wima, ncha kali zimezama topeni.

Ndiyo maana asubuhi ile roho ilimruka. Ncha kali zilikuwa zinamtazama yeye.

Jiwe likishavikwa plasta ya kulilinda kule porini linakochimbwa, huchorwa mshale wa rangi kuonyesha upande uliotazama mbingu. Rangi ilikuwa imeisha. Yeye akachora kwa chaki. Mvua ikaupangusa. Sasa miezi miwili mizima alikuwa amekwangua kiota kwa chini, upande uliopaswa kubaki jiwe ukiyashika mayai yasiporomoke.

"Mume wangu," alisema kwenye simu, "narudi kwenye ufagio."

"Umeyavunja?"

"Nimeyapindua."

"Hata kuku hupindua mayai yake, bwana! Kamwambie mkubwa wako kabla hajajionea."

Mkuu alimsikiliza, akavua miwani, akaivaa tena.

"Chaki, Mtetea? Chaki?"

"Chaki, bosi."

Akachukua msumeno mdogo, akakata kidirisha kwenye plasta ya upande wa pili. Mtetea alifumba macho, ufagio tayari anauona mkononi.

"Njoo uone."

Kule juu, upande uliotazama mbingu, maganda yalikuwa yamepondeka, unga mtupu. Ya chini, aliyoyahangaikia yeye, yalikuwa mazima, na vimistari vyake vimetulia kama mshono wa fundi mzuri.

"Tungeanzia juu, sote tungeshika ufagio," mkuu alisema. "Yataonyeshwa hivihivi, kichwa chini miguu juu."

"Na mimi, bosi?"

"Chaki zote nazifungia kabatini. Wewe rudi ukae, mama, mayai yasije yakapoa."