Mstari wa Karani Kwenye Faili la Tangi la Nne

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, kiwandani tunamwita Karani. Si karani hata kidogo. Ni fundi wa mitambo, mwaka wa kumi na tisa sasa, katika kiwanda cha maziwa ambako mimi naosha madebe na sakafu. Jina hilo alilipata kwa sababu hafanyi jambo bila kuliandika. Hata kwake, ukutani jikoni, ameandika siku mtungi wa gesi ulipofungwa. Mkewe humtania, "Siku nikifa, baba, utaandika na saa?" Naye hujibu, "Na dakika."

Kazi yake nitaieleza kama alivyonieleza, maana mimi shule yangu iliishia msingi. Kiwanda kina matangi sita. Ndani ya kompyuta kila tangi lina programu yake ndogo ya kulihudumia, na mafundi huiita mtumishi. Mtumishi wa tangi la nne hana habari na tangi la tano. Kila mtumishi ana faili lake la maelekezo: kifaa chako ni hiki, waya wake unaingia hapa, maziwa yakizidi nyuzi nne washa mashine ya baridi. Ni maandishi tu, unayasoma kama barua. Ila mtumishi huyasoma mara moja, pale anapowashwa. Ukibadilisha neno baadaye, yeye anaendelea na lile alilolisoma, mpaka azimwe na kuwashwa upya.

"Kama mimi na sokoni," nilimwambia. "Nikishatoka nyumbani, mliosahau kutaja chumvi imekula kwenu."

"Umeelewa kuliko meneja, shemeji."

Katika mafaili hayo Karani ana desturi yake. Mstari ukianza na alama ya reli, ile ya vijistari viwili vilivyokatana na viwili, mtumishi anauruka, hauhusiki naye. Huo ni wa binadamu. Basi kila akigusa faili, Karani huandika hapo juu tarehe, alichobadilisha na sababu, kisha jina lake la utani. Wenzake humcheka: "Unawaandikia wajukuu?" Hajali.

Sasa, Jumatatu moja jioni skrini ya tangi la nne iliganda. Zamu ilikuwa ya binti mmoja fundi, mgeni, bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Alifanya alivyofundishwa: akamzima mtumishi, akamwasha tena. Skrini ikarudi, rangi ya kijani, kila kitu sawa. Akapokea maziwa ya jioni, akafunga zamu, akaenda kwao.

Mimi nilipita pale na ndoo yangu kabla ya kutoka. Bomba la baridi la tangi la nne huwa linatoka jasho, hata sakafu chini yake huwa imelowa. Siku ile lilikuwa kavu. Nililiona, nikasema moyoni, kompyuta inajua kuliko mimi. Mungu anisamehe kwa hilo.

Asubuhi maziwa yalikuwa yameharibika tangi zima. Yalimwagwa, na harufu ilikaa siku mbili. Na kwa kuwa aliyegusa wa mwisho ni yule binti, hakuna aliyeuliza mara mbili. Meneja akasema Ijumaa atampa barua ya kumwachisha kazi. Akamwagiza Karani afungue lile faili na aandike taarifa ya kilichotokea.

Alhamisi saa sita mchana Karani alinijia kwenye madebe.

"Shemeji, una nafasi?"

"Nafasi ninayo, muda ndio sina. Shika debe hilo, kisha useme."

Akashika. Akaniambia alichokikuta. Mahali pa nyuzi nne palikuwa na arobaini. Na juu yake mstari wenye alama ya reli, wa miezi minane iliyopita: nimeweka arobaini kwa muda, tunabadilisha kipimajoto, tangi tupu, baridi isiwake. Irudishwe nne leo leo. Karani.

Siku ile aliitwa kwenye pampu iliyopasuka kabla hata hajamzima mtumishi. Kipimajoto kikabadilishwa siku nyingine, na fundi mwingine. Mtumishi akaendelea na nne yake aliyoisoma zamani, na ile arobaini ikalala kwenye faili miezi minane, ikingojea mtu awashe upya.

"Nani mwingine ameuona?" nikamuuliza.

"Hakuna. Mafaili haya huwa nayasoma mimi tu, ingawa wa zamu yeyote ana ufunguo. Nikibonyeza mara moja, mstari haupo. Wataona arobaini, watasema ni kidole cha yule mtoto."

"Na wewe?"

"Mimi nimebakiza miaka mitatu nistaafu, shemeji. Unajua nina watatu shuleni."

Nilisugua debe. Si kazi yangu kumhubiria mtu mzima, na yeye sala anazijua. Nikamuuliza tu, "Ile mistari huwa unamwandikia nani?"

"Anayekuja nyuma yangu. Asihangaike."

"Basi ndiye huyo, amekuja."

Aliosha debe lile mpaka likang'aa, akalipindua, akaenda.

Alasiri ileile aliuchapa ukurasa ule jinsi ulivyo akaupeleka kwa meneja. Nilisikia baadaye kwa wengine, maana ofisi ile ukuta wake ni ubao. Meneja alisema, "Ungeufuta nisingejua." Karani akasema, "Najua." Basi.

Mtu angedhani binti angemshukuru. Alimfuata mpaka kwenye ngazi za matangi, macho mekundu.

"Siku tatu baba yangu hajasema nami! Siku tatu! Na wewe unapita pale unaniita mwanangu!"

"Jumatatu hiyo sikujua. Mstari nimeuona jana. Nisamehe, mwanangu."

"Jana! Kwa hiyo jana ulilala ukijua! Na usiniite mwanangu leo."

"Haya, fundi."

Barua ya Ijumaa haikuandikwa. Karani ndiye aliyeondolewa ukuu wa zamu na ufunguo wa mafaili, akaletwa huku kwetu kwenye mashine ya kuoshea madebe, yenye mtumishi mmoja tu. Posho ya ukuu ilikwenda. Mkewe alinuna wiki, kisha akaanza kushona sare za watoto wa jirani. Na sasa kiwandani ni amri: ukibadilisha faili, unamzima mtumishi na kumwasha saa ileile, kisha unasimama hapo mpaka bomba litoe jasho. Mimi nikiona bomba kavu, nasema. Nimeshasema mara mbili, mara moja tangi lilikuwa tupu, wakanicheka mpaka basi.

Mwezi wa pili tangu hapo binti alikuja huku chini na karatasi mkononi. Salamu yake ilikuwa fupi. Amebadilisha faili la tangi la pili, anataka jicho lingine kabla hajamwasha mtumishi. Karani alifuta mikono, akafuata mistari kwa kidole, mmoja mmoja. Juu kulikuwa na alama ya reli, tarehe, sababu, na mwisho: Binti.

"Namba ziko sawa," akasema. "Ila hujaweka saa."

Binti akamtazama, akanitazama mimi, akachomoa kalamu kwenye nywele.

"Saa ngapi sasa, Karani?"

"Nne na dakika saba."

Akaandika, akapanda ngazi kwenda kumwasha.