Rangi ya Sauti ya Lusia

Wanakwaya wa Ushirombo walimjua Lusia kwa sauti yake. Stanslaus, mwalimu wao, alizoea kusimamisha mazoezi na kuuliza, "Sauti ya kwanza, mnamkimbia nani? Msikilizeni Lusia." Alimsifu hivyo mbele za watu mpaka akamwoa.

Baadaye wakahamia Nyarugusu. Stanslaus akapata kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na ngurumo yake ikamla masikio taratibu hata asisikie kengele ya kanisa. Lusia naye akaacha kuimba. Aliona ni kama kula mbele ya mtu mwenye njaa.

Likizo ya Pasaka alikuja Jenifa, binti wa mdogo wake Stanslaus, anayesomea kompyuta chuoni. Alileta miwani ya uhalisia pepe. Ukiivaa unajikuta katikati ya okestra, na kila ala inatoa rangi yake: fidla nyuzi za manjano, tarumbeta miali myekundu. Stanslaus akaivaa. Mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe, ukaanza kuongoza.

"Baba mkubwa anawafundisha Wazungu," Jenifa akacheka.

Alipoivua, macho yalikuwa yamelowa. "Lusia yuko wapi humu?" akauliza kwa sauti kubwa, maana hajisikii. "Mtie na yeye."

Lusia alichukua simu ya Jenifa, akajifungia chumbani. Akajirekodi akiimba wimbo ambao Stanslaus aliutunga wakati wa uchumba wao. Koo lilikuwa limechakaa kwa vumbi na ukimya, juu hakufika. Alirudia, akarudia tena, kisha akatoka na ule ulio afadhali.

"Usimwambie kuwa ni mimi," akamsihi Jenifa. "Atanijua mwenyewe."

Stanslaus akavaa miwani. Kwenye kompyuta ya Jenifa wanawake hao wawili waliona anachokiona: uzi wa kijivu, mwembamba, ukitetemeka, ukishuka pale ulipopaswa kupanda.

"Huyu nani?" akasema. "Pumzi hana. Niwekee Lusia."

Jenifa akafungua mdomo. Lusia akamshika mkono.

"Mwandikie kwamba imekataa."

"Mama mkubwa, lakini..."

"Mwandikie, mwanangu."

Stanslaus akayasoma maneno kwenye simu, akaitua miwani mezani. Kisha akampapasa mkewe goti, kama anayembembeleza.

"Usihuzunike, Mama Magesa. Sauti kama yako mashine gani itaiweza? Mimi bado ninayo," akasema, akijigusa kifuani. "Haijabadilika hata kidogo."

Lusia akaitikia kwa kichwa.