Niliwanyima Wanangu Maji Ili Wanyamaze

Nimekosa, jamani, na sina wa kumsingizia. Jina langu nalificha kwa sababu mimi ni mwalimu, nafundisha watoto wa watu huku Newala, na wangu mwenyewe niliwatesa.

Ninao watatu: Agnesi, Petro, na Lusia ambaye wakati ule ndiyo kwanza anatembea. Mke wangu, kama wanawake wote wa huku juu, alikuwa akishuka bondeni kuchota maji kabla jua halijatoka. Nyuma nabaki mimi na hao watatu. Weee! Petro anavaa koti langu la shule na kuwahubiria kuku. Agnesi anamnawisha Lusia, Lusia anampiga Agnesi kwa kata. Uji unamwagika, na kiatu changu kimoja nakikuta ndani ya chungu.

Mama yao akirudi na mtungi kichwani anacheka mpaka maji yanamrukia usoni.

"Mama Agnesi, hii ni nyumba ya mwalimu au gulio?"

"Baba Agnesi, wamelala wazima, wameamka wazima. Unataka nini tena?"

Nilitaka nini! Nilitaka nyumba kama ya padri wetu Mzungu, ambako asubuhi hata kijiko hakisikiki. Mjinga mkubwa mimi!

Kiangazi kilipokaza nikatunga sheria. Atakayetoa sauti kabla ya kengele ya kanisa, hanywi maji mpaka jioni. Ndugu yangu, huku kwetu maji yanapanda mlima kwa shingo ya mwanamke, na hata mpita njia usiyemjua humnyimi. Mimi nikawanyima wanangu! Mtungi niliufunika, juu nikaweka jiwe. Mama yao akirudi namwambia wameshakunywa, naye anawahi shambani. Wao niliwaonya wasiseme.

Siku ya kwanza Petro alidhani ni mchezo. Siku ya pili alilia, nikamwambia kulia nako ni sauti. Haikupita muda nyumba ikawa kimya kabisa, hata maji hawathubutu kuyaomba, nami nakunywa chai yangu najisifu. Aibu gani hii!

Asubuhi moja mke wangu alirudi mapema. Akawakuta nje, chini ya mkorosho, wanalamba umande kwenye majani. Agnesi alikuwa amembeba Lusia ili naye afikie.

"Mnafanya nini, wanangu?"

Agnesi akamwekea mama yake kidole mdomoni. "Polepole, Mama. Kengele bado."

Mke wangu alimsikiliza Agnesi mpaka mwisho. Aliwanywesha mmoja mmoja, kisha akaondoka nao kwenda Chilangala kwa kaka yake. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Nilikwenda kushtaki kwa liwali ili nirudishiwe wanangu. Akaniuliza mbele ya baraza zima nilifanya nini, nikaeleza. Wazee wakageuza nyuso.

"Mwalimu, mbuzi wako unampa maji?"

"Nampa, liwali."

"Basi kaishi na mbuzi wako."

Watu walicheka, na nilistahili.

Hata hivyo nikaenda Chilangala, nikafika asubuhi. Kabla sijaingia uani nikawasikia. Petro anawika kama jogoo, Lusia anacheka mpaka anakwama pumzi, na mjomba wao, mtu mzima na mvi zake, anabweka akiwakimbiza. Jamani! Nilisimama njiani nacheka peke yangu. Sikuwahi kusikia kitu kitamu kama kelele zile, na miaka yote zilikuwa kwangu bure.

Nikaingia. Wakanyamaza wote.

"Shikamoo, Baba," Agnesi akanong'ona. Petro alikuwa na kikombe cha maji mkononi. Aliponiona akakificha mgongoni.

"Umeona mwenyewe, shemeji," mjomba akasema. "Nenda zako, watoto wamalize asubuhi yao."

Nilikwenda.

Nanyi mnaosoma haya huku watoto wanawarukia na uji umemwagika mkekani, msiwanyamazishe, nawaomba! Mimi kimya nilichokitaka ninacho. Kila alfajiri naamka nacho, na sijui nikifanye nini.