Shikamoo ya Chini ya Kitanda

Hili nawasimulia mwenyewe kabla hamjalisikia kwa dada yangu Felista, maana yeye akilisimulia huongeza chumvi (mimi huongeza sukari kidogo tu), na kwa maelezo yake nilikwama chini ya kitanda saa tatu mpaka zimamoto wakaitwa. Uongo mtupu. Zilikuwa dakika nne, na hakuna zimamoto hata mmoja aliyekuja. Lakini aibu ni aibu, na yangu niliivaa mchana kweupe mbele ya wageni kumi na watatu, wawili kati yao watawa.

Mambo yalianza hivi. Felista ana binti, Neema, muuguzi, mpwa wangu ninayempenda kama nilimzaa mimi. Neema aliletewa barua ya posa na kijana anaitwa Baraka, Mkenya aliyelelewa hapa hapa Toronto tangu umri wa chekechea, na jibu lilitakiwa Jumapili. Sasa kwetu barua ya posa haijibiwi hivi hivi. Upande wa binti hutuma mtu kimyakimya akamtazame kijana huko anakofanya kazi, anaongeaje na watu, ana mambo gani ya pembeni, na kijana mwenyewe hatakiwi kujua. Mtu huyo ni mjomba. Mjomba ndiye mimi. Nikisema ndiyo, ni ndiyo; nikisema hapana, barua inarudi ilikotoka.

Nikamuuliza Felista, "Kijana anafanya kazi gani?"

"Yuko kwenye nyumba ya makumbusho. Anawatembeza wageni, anawaonyesha nyumba."

"Basi ni dalali."

"Si dalali, kaka. Nyumba haiuzwi."

"Haiuzwi, halafu anaionyesha kila siku?"

Felista akasonya. Nikamwambia hapo pana jambo. (Mimi kushuku ni kipaji. Jirani akinisalimia mara mbili kwa siku moja huwa najiuliza anataka nini.)

Tena mjue mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi. Nimemaliza sekondari ya watu wazima, masomo ya jioni, nikiwa na miaka arobaini na sita, na kwenye historia nilikuwa wa pili darasa zima (tulikuwa tisa, lakini wa pili ni wa pili). Siku ya mahafali nilipiga picha na joho na ile kofia ya shada, nikaituma kwa kila mtu ambaye namba yake ilikuwa kwenye simu yangu, pamoja na fundi wa lifti. Ishikeni hiyo picha akilini, itarudi kunimaliza.

Basi Jumamosi nikajifunika. Miwani ya jua, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, koti la mvua la mke wangu, nikatoka kwangu Etobicoke kwa mabasi mawili mpaka kwenye hiyo nyumba, nyumba ya mbao ya walowezi wa zamani, imebaki peke yake na uwanja wake katikati ya maghorofa kama bibi aliyekataa kuhama. Getini palikuwa na kibanda cha tiketi na binti mmoja mchangamfu, akaniambia niketi na wenzangu kwenye benchi nisikilize maelezo mafupi kabla ya kuingia.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniharibia maisha. Nilijiambia, nikikaa hapa kijana akipita ataniona. Nikamwambia binti nakwenda msalani, nikazunguka, nikajibanza nyuma ya mti uani.

Maelezo sikuyasikia. Nilichokiona nyuma ya mti ni hiki: Baraka, ndiye kabisa, nilikuwa na picha yake, amevaa suruali iliyoshikiliwa na mikanda miwili ya mabegani na kofia ya majani, anapasua kuni. Mlango ukafunguliwa, akatoka mwanamke wa Kizungu mwenye gauni la kufika vifundoni na aproni, akaita kwa sauti, "Mume wangu! Fanya haraka na hizo kuni, mtoto ndiyo kwanza amelala!"

Na Baraka akajibu, "Naja, mke wangu!"

Nikashika mti.

Sasa msinicheke kabla sijajieleza. Sikufikiri kwamba Baraka ana miaka mia mbili, nyumba nilijua ni ya kale. Lakini nilikokulia, Singida, mtu akipewa kazi ya kutunza mali ya misheni au ya serikali hupewa na chumba humo humo, akae na mkewe na watoto wake. Kwa hiyo nikajumlisha: kijana ni mtunzaji, nguo ni za kazi, na mke ni mke. Hesabu ilikaa sawasawa, na mkao wake mzuri ndio ulionipoteza.

Wageni walipoingia nikajipachika nyuma yao. Jikoni moto unawaka wa kweli, chungu cha chuma kinachemka supu, mkate umetoka sasa hivi, na kwenye kamba nepi za kitambaa zinakauka. Nepi! Baraka akasimama mbele ya moto akawaambia watu, kwa Kiingereza chake kizuri, "Mimi na mke wangu tuliikata miti hii kwa mikono yetu. Mungu ametujalia watoto sita."

Nikatazama nyuso za watu nione nani ameshtuka. Hakuna. Mtawa mmoja akauliza, tena kwa upole, "Na majira ya baridi mnalalaje?"

"Wote chumba kimoja, ghorofani. Joto la jiko linapanda."

Nilitafuna kola ya koti la mke wangu.

Nikajichomoa, nikaingia kwenye stoo ya unga, nikafungua kundi la ukoo kwenye simu, watu arobaini na watatu kuanzia Toronto hadi Singida, nikarekodi kwa kunong'ona: "Felista na ukoo mzima, simamisheni kila kitu. Kijana ana mke, Mzungu, nimemwona kwa macho haya. Watoto sita. Wanalala chumba kimoja na umeme hawana. Neema mwanangu, jikaze, mjomba yupo." Nikatuma. Kisha nikajisikia shujaa, kisha nikakumbuka kwamba mwenye kutoa habari kubwa hudaiwa ushahidi. Nikaamua kupanda ghorofani nikampige picha huyo mtoto aliyelala.

Ngazi ilizibwa kwa utepe. Nikauruka (nauita kuuruka; mguu mmoja ulivuka, mwingine ulivutwa). Juu kuna chumba, susu ya kulazia mtoto karibu na dirisha, na kitanda kikubwa cha mbao chenye mfarishi wa viraka. Nikanyata hadi kwenye susu, nikafunua kishuka taratibu nisimwamshe, nikamgusa shavu.

Shavu lilikuwa la mbao.

Jamani, nimewahi kushtuka maishani, lakini siku ile roho ilitoka ikasimama pembeni kunitazama. Nilirudi nyuma hatua tatu, nikakalia kitanda kwa uzito wangu wote, na uzito wangu si wa siri. Kamba za chini zikakatika moja baada ya nyingine, nikazama makalio kwanza, magoti yakagusana na masikio. Na hapo hapo nikasikia viatu vya wageni kwenye ngazi na sauti ya Baraka, "Karibuni juu, hapa ndipo tunapolala."

Mtu mwenye akili angesimama aombe radhi. Mimi nilijipenyeza kati ya kamba kama mbuzi anayetoka zizini, nikatandika mfarishi juu yangu, nikalala kifudifudi uvunguni.

Wakaingia. Naviona viatu, jozi kumi na tatu, na buti za Baraka. Nikavuta miguu ndani. Na simu yangu ikaanza kuita, yaani kwaya nzima ya kanisa, sauti nne na kinanda. Nikabonyeza kuizima, kidole kikapokea kwenye spika, na Felista akajaa chumbani:

"Kaka! Ana mke? Na watoto sita? Umewahesabu mwenyewe?"

Viatu vyote vikageukia kitanda. Hata mbao ziliacha kulia. Kisha pindo la mfarishi likainuka polepole, ikatokea kofia ya majani, na chini yake uso wa Baraka.

"Shikamoo, Mjomba," akasema.

Nikaitikia nikiwa kifudifudi: "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nyumbani wako salama?"

"Wako salama kabisa."

"Nani huyo?" Felista akauliza. "Ndiye mwenyewe? Kaka, uko wapi?"

"Niko kazini kwake."

"Sehemu gani ya kazi?"

Nikaizima simu. Baraka akasimama, akawageukia wageni bila hata kukohoa: "Wageni wetu, samahani. Huyu ni fundi wetu wa kuwamba vitanda. Ametoka mbali sana, na kama mnavyoona, ameanza kazi bila kutusubiri."

Walipiga makofi. Mtawa mmoja akainama akaniomba niwaonyeshe kazi. Na mimi (hapa Felista hukataa kuamini, lakini ndivyo ilivyokuwa) nikawaonyesha. Vitanda vya kamba nimevilalia hadi utu uzima, baba yangu aliviwamba kwa mikono yake, na kule uvunguni nilikuwa nimeona kwamba aliyekiwamba kile alikosea, kamba zote zilipita upande mmoja bila kusukana. Nikaeleza dakika kumi nzima, vumbi kichwani, koti la kike mabegani.

Wageni walipoondoka tulikaa jikoni sisi watatu. Yule "mke" aitwaye Eva alikuwa amecheka mpaka akavua kofia. Akanieleza yale niliyoyakimbia getini: humu wafanyakazi huigiza watu wa zamani, mke wa uongo, mume wa uongo, mtoto wa mbao, nepi za maonyesho. Kamba ni mpya, za kale ni mbao tu, na mbao zilikuwa nzima, kwa hiyo msimamizi wao angeandika taarifa na basi.

Nikamuuliza Baraka, "Ulinijua saa ngapi?"

"Ukiwa nyuma ya mti, Mjomba. Mvua inanyesha na umevaa miwani ya jua. Halafu ile picha yako ya mahafali Neema ameiweka ukutani kwake, kubwa."

"Na ukanyamaza?"

"Neema alinionya. Alisema lazima kuje mtu, na nikimjua nisionyeshe. Nikafikiri hiyo mti na hiyo kitanda yote ni desturi yenu."

Ningalicheka, lakini simu yake ikaita. Mama yake, kutoka mtaa wa Kingsview Village. Sauti yangu ya stoo ilikuwa imeshatoka kwenye ukoo, ikapita kwa binamu fulani, ikafika kwake kabla chai haijapoa.

"Baraka, ati uko na bibi? Watoto sita? Mimi nimekuwa nyanya lini? Watu wa Neema wametutukana! Jumapili sisi hatuendi kwao, na hiyo barua waturudishie!"

(Kwao bibi ni mke, na nyanya ndiye bibi.) Kijana aliishiwa rangi. Uchekeshaji wote ulimtoka, akanitazama kwa macho ya mtu anayenyang'anywa kitu. Neema alikuwa zamuni, simu yake kabatini, hajui lolote, na mimi mjomba niliyeahidi kuwepo nilikuwa nimemvunjia posa kwa sekunde ishirini za kunong'ona. Nikanyoosha mkono. "Nipe niongee naye."

"Mama Baraka," nikasema, "ni mimi. Nimekosea, na kijana wako hana kosa."

"Wakati unarekodi hiyo maneno ulikuwa wapi?"

"Kwenye stoo ya unga."

"Na saa hii?"

"Saa hii nimetoka chini ya kitanda."

Akarudia, "Chini ya kitanda." Halafu nikasikia kitu kama birika linaanza kuchemka. Alikuwa anajizuia kucheka. "Sawa," akasema. "Tutakuja. Lakini utasimama mbele ya watu wote useme kila kitu, kutoka kwa mti mpaka kwa kitanda. Ukiruka hata kitu moja, tunanyanyuka."

Ndiyo sababu Jumapili ile, ghorofa ya kumi na mbili kwa Felista, wazee wa pande mbili wamekaa na Singida nzima iko kwenye simu iliyoegemezwa kwenye thermosi, nilisimama na suti yangu nikasema kila kitu. Mti. Miwani. Stoo. Susu. Nilipofika kwenye kuzama makalio, mzee mmoja wa upande wao aliomba nirudie. Neema alijifunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika, nami sikuthubutu kuuliza ni kicheko au ni kilio.

Nikamaliza hivi: "Mlinituma nikatazame tabia. Nimemwita mzinzi mbele ya ukoo mzima, nimemvunjia kitanda cha kazini, na yeye aliponikuta uvunguni alinipa shikamoo kwanza, kisha akanisitiri mbele ya wageni wake. Sina kingine cha kuchunguza. Jibu ni ndiyo." Neema akatoa mikono usoni. Vilikuwa vyote viwili.

Sasa Jumamosi mbili nimeshakwenda kuwamba vitanda vya ile nyumba, vyote vitatu, na mikanda ya mabegani wamenivisha. Na kila ninapofika naketi kwenye benchi la getini, mbele kabisa, nasikiliza maelezo mafupi mwanzo hadi mwisho ingawa nayajua kwa moyo. Kumchunguza mchumba wa mtu, naapa, sitarudia. Mwingine akiposwa waende wenyewe, mimi nibebe soda.

Ila shangazi yetu mkubwa wa Singida bado hajalala vizuri. Siku ile ile, watu wameshaanza kupakua pilau, sauti yake ilitoka kwenye simu pale kwenye thermosi: "Sawa, nimesikia. Lakini huyo mtoto wa kwenye susu, kuna mtu mwingine aliyemgusa, au tunategemea neno la huyu huyu?"